Cathy Hakufa kwa Sababu ya Lenny

Tamthilia ya The Big C ilikwisha kuonyeshwa Marekani Mei 2013. Nyumbani kwetu iliingia miaka mingi baadaye, ndani ya flashi ya mpwa wangu, ikatugombanisha masika yote.

Kwa asiyeijua: Cathy Jamison ni mwalimu wa sekondari katika jiji la Minneapolis. Anaambiwa ana melanoma, aina ya saratani ya ngozi, na imekwisha fika hatua ya nne. Ana mume, Paul, mtu mzima mwenye mambo ya kitoto; ana mtoto wa kiume, Adam, aliye katika umri wa kununa; ana kaka, Sean, aliyeamua kuishi bila nyumba na kula vya majalalani. Hawaambii. Anamtoa mume nyumbani, anachoma kochi, anachimba bwawa la kuogelea uani, kisha anazama katika mapenzi na Lenny, fundi rangi wa pale shuleni. Lenny anaigizwa na Idris Elba, yuleyule aliyemwigiza Mandela mwaka 2013, jambo ambalo wifi yangu hajalimeza mpaka leo. Vipindi ni 40 katika misimu 4, na cha kwanza kilirushwa Agosti 2010. Mtunzi ni Darlene Hunt. Laura Linney, aliyekuwa Cathy, alipata Golden Globe mwaka 2011 na Emmy mwaka 2013.

Ugomvi wetu haukuwa juu ya uigizaji. Ulikuwa juu ya kilichosemwa na tamthilia, au kilichodhaniwa kimesemwa. Nimekusanya madai niliyoyasikia sebuleni, saluni na msibani, na nitayajibu kwa kadiri yalivyoniuma.

Shangazi yangu ndiye aliyefungua dimba. "Mwanangu, malipo ni hapahapa duniani. Mke wa mtu kalala na fundi rangi, Mungu kampa kansa." Aliyasema hayo akipuliza chai, kwa utulivu wa mtu anayetaja bei ya sukari.

Shikamoo, shangazi, lakini umeisoma hadithi kutoka mwisho. Cathy aliambiwa ana saratani kabla Lenny hajatia mguu katika maisha yake. Ugonjwa ndio unaofungua kipindi cha kwanza; mapenzi ya wizi yanakuja nyuma yake, tena yanakuja kwa sababu yake. Hakuna adhabu inayotangulia kosa. Hata hakimu wa mahakama ya mwanzo angeitupa kesi hiyo.

Najua pia kwamba shangazi hakuwa akimsema Cathy peke yake. Kwetu kuna saratani ambayo watu wameipa kazi ya upelelezi, nayo ni ya shingo ya kizazi. Mwanamke akigundulika nayo, kabla ya kuulizwa anaumwa wapi, ukweni wanaulizana alitembea na nani. Wenye ujuzi nusu ndio wabaya zaidi, maana wamesikia kwamba inatokana na virusi, na kwamba virusi hivyo, HPV, huambukizwa kwa kujamiiana. Hayo ni kweli. Wasichosikia ni kwamba HPV ni ya kawaida kiasi kwamba wengi waliowahi kufanya tendo hilo huipata wakati fulani, na mwili wa wengi huiondoa bila mwenyewe kujua. Ikikaa, huchukua takriban miaka 15 hadi 20 kuzaa saratani kwa mwanamke mwenye kinga nzuri. Piga hesabu. Mama wa miaka 45 anayelala wodini leo huenda anaumwa jambo la mwaka wa harusi yake, lililoletwa na bwana harusi aliyesherehekewa kwa vigelegele. Ugonjwa huo hauwezi kumtaja mzinzi ni nani, na hauwezi hata kuthibitisha kwamba yupo. Tanzania ilianza kuwachanja wasichana nchi nzima mwaka 2018, Kenya mwaka 2019, na wapo wazazi waliokataa kwa hoja ileile ya shangazi: kwamba sindano ni ruhusa ya umalaya. Binti ananyimwa kinga ili heshima ya baba ikae sawa.

Mjomba yeye hakutaka habari za dhambi. "Hiyo ni saratani ya wazungu. Wao ngozi yao karatasi. Sisi jua letu tumezaliwa nalo." Nusu ya maneno yake ni kweli. Melanoma huanzia katika chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi, na mtu mweusi huipata mara chache mno kuliko mzungu. Ila ikimpata humjia pale asipotazama: unyayoni, kiganjani, chini ya ukucha. Huko jua halina kesi. Nilimwuliza mjomba kama anamjua Bob Marley. Akacheka, kaseti zake bado ziko kabatini. Basi Bob Marley alikufa kwa melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Iligunduliwa mwaka 1977, akakataa kukatwa kidole. Aprili 1980 aliwaimbia Wazimbabwe usiku wa uhuru wao, na tarehe 11 Mei 1981 akafariki Miami, akiwa na miaka 36. Mjomba alinyamaza, kisha nikamwona anavua soksi.

Na jua lenyewe halijatusamehe wote. Ndugu zetu wenye ualbino hupata saratani za ngozi mapema, kwa kawaida za aina nyingine na si melanoma, na ndiyo maana hospitali ya KCMC pale Moshi inatengeneza mafuta ya kuwakinga na jua, yanayoitwa Kilisun. Mafuta ya ngozi yanayotengenezwa chini ya Mlima Kilimanjaro hayatengenezwi kwa ajili ya watu wa Minneapolis.

Dai jingine ni la mpwa wangu mwenye flashi, kijana wa sayansi: tamthilia inawavunja watu moyo, kwa sababu inasema hatua ya nne ni kaburi. Huyu nampa haki kidogo, halafu naichukua. Ilipoanza mwaka 2010, melanoma iliyosambaa ilikuwa kaburi kweli. Wengi hawakufikisha hata mwaka mmoja. Cathy alikufa kwa elimu ya zama zake. Lakini tazama jinsi saa zilivyopishana. Machi 2011, kabla msimu wa pili haujarushwa, Marekani iliidhinisha ipilimumab, dawa inayoiachilia kinga ya mwili iishambulie saratani. Mwaka 2014, mwaka mmoja tu baada ya Cathy kuzikwa, ikaja pembrolizumab. Mwaka 2015 rais mstaafu Jimmy Carter, mzee wa miaka 90, alitangaza kwamba ana melanoma iliyofika hadi kwenye ubongo. Akapewa dawa hiyo mpya pamoja na upasuaji na mionzi. Alifariki Desemba 2024, ametimiza miaka 100. James Allison na Tasuku Honjo, ambao utafiti wao ndio ulioifungua njia hiyo, walipata Nobeli mwaka 2018. Kwa hiyo anayeitazama The Big C leo anatazama picha ya zamani ya ugonjwa. Kosa si la mtunzi. Kosa ni la anayetoka sebuleni akaenda kumwambia jirani mgonjwa, "Hatua ya nne? Pole, andika wosia." Asiseme hivyo. Amwulize daktari ni saratani gani, na dawa gani zipo, na kwa bei gani, maana kwetu hilo la bei ndilo linalofunga mlango.

Nikija kwenye dai la kwamba tamthilia inawafundisha wake kuchepuka, sitakaa nalo sana. Aliyeiona akaitamani hali ya Cathy na Lenny hakuiona vizuri. Ni mapenzi ya mtu anayekimbia nyumba inayowaka. Kila tabasamu lake kwa Lenny lina uongo wa namna mbili nyuma yake: Lenny anadhani anapendwa na mwanamke mzima wa afya, Paul anadhani anachukiwa na mke mzima wa afya. Na hao wanaolalamika, nyumbani kwao wanatazama tamthilia za Kifilipino na Kituruki ambamo waume wana nyumba ndogo tatu, na sijasikia mtu akisema zinawaharibu wanaume.

Sasa nifike kwenye dai linalonisumbua hasa, kwa sababu wanaolisema ni watu wema: "Aliwaficha kwa sababu anawapenda."

Kuficha ugonjwa kwetu ni desturi yenye adabu zake. Daktari anamwita kaka mkubwa pembeni. Kaka anarudi wodini na uso alioukunjua kwa nguvu: "Ni vidonda vya tumbo tu, baba. Utapona." Baba anakufa bila kujua kinachomuua, bila kusema shamba la bondeni ni la nani, bila kumwita yule mdogo wake waliyenuniana tangu mwaka wa njaa. Baada ya arobaini ndugu wanagombania shamba, na kila mmoja anaapa kwamba alinyamaza kwa mapenzi. Cathy aliipindua desturi hiyo: mgonjwa anajua, jamaa hawajui. Lakini siri ni ileile, na kazi yake ni ileile.

Siku za mwanzo namwachia. Mtu aliyepewa habari kama ile ana haki ya kulala nayo peke yake, aizungushe, aitukane. Shida ni pale siku zinapogeuka miezi. Paul anatolewa nyumbani kwake bila kuambiwa kosa. Anajikagua: je, ni kukoroma, ni fujo zangu, ni unene? Anajirekebisha kwa mambo yasiyohusika. Adam anaona mama yake anachimba shimo uani na kucheka ovyo, anajibu kwa jeuri ya kijana wa sekondari, jeuri ambayo angeimeza papo hapo kama angejua. Neno la mtoto kwa mama anayekufa halifutiki kwa kuambiwa baadaye, "Hukujua, mwanangu." Jirani, bibi Marlene, anajua kabla ya mume. Mwanamke aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote amempa siri yake mtu wa ng'ambo ya pili ya barabara. Nikipima usaliti wa Cathy kwa Paul, Lenny simwoni akivuta mizani sana. Kinachovuta ni hicho.

Wenye dai hili hunijibu kwa kunionyesha stoo. Katika kipindi cha mwisho cha msimu wa kwanza, Adam amekwisha ambiwa na amejifanya jiwe. Anafika kwenye stoo ya kukodi ya mama yake, anafungua, anakuta zawadi zimejaa hadi juu, kila moja imefungwa kwa karatasi na kuandikiwa siku yake: siku za kuzaliwa za miaka ijayo, Krismasi ambazo mama hatakuwapo, harusi. Jiwe linapasuka. Shangazi alilia mpaka chai ikapoa, na mimi nilitoka nje kwa kisingizio cha simu.

"Umeona?" wanasema. "Huo si upendo?"

Ni upendo, sijabisha. Nabisha ulikowekwa. Miezi ile yote Adam aliyoamini mama yake amerukwa na akili na hamjali, ushahidi wa kujaliwa kwake ulikuwa umefungiwa kwa kufuli mahali pa kukodi. Cathy aliweza kumchagulia zawadi ya harusi mtoto ambaye hana hata mchumba, akashindwa kumwambia sentensi ya maneno mawili mezani wakati wa chakula cha usiku. Alimpa miaka 20 ijayo, akamnyima mwaka uliopo. Adam halii kwa furaha ya kupewa. Mtazame vizuri anavyosimama mlangoni: anahesabu.

Mzee mmoja msibani, tulipokuwa tumekaa kwenye mkeka, aliligeuza shauri upande wa mume. Alisema, "Yule bwana hakusamehe. Alimhurumia. Mtu akikaribia kufa humdai." Watu wakaitikia, maana ni neno tamu kwenye mkeka. Nilimheshimu mzee, sikumjibu pale. Namjibu hapa.

Kama kifo kinafuta deni, Paul angemaliza kazi yake msimu wa kwanza, alipojua yote mawili, kwamba amesalitiwa na kwamba mkewe anakufa. Angelia, angekumbatia, tungezima runinga. Lakini baada ya hapo bado kuna misimu mitatu. Msimu wa pili Cathy anaingia katika majaribio ya dawa, na matumaini yanapoingia nyumbani, deni linarudi mezani. Hapo ndipo ugumu ulipo, na hapo ndipo watunzi wetu wengi wasipothubutu kufika: kumsamehe mtu ambaye huenda akapona. Wa kufa kesho unamsamehe kama unavyompa nauli msafiri asiyerudi. Anayeweza kuishi unamsamehe leo, kesho asubuhi unamwona anatabasamu kwenye simu, unaanza upya. Paul anafanya hivyo, vibaya, kwa kusuasua na kwa utani wa kijinga, kama binadamu.

Na mtunzi, kana kwamba alimsikia yule mzee, akafanya jambo la werevu mwishoni mwa msimu wa pili: moyo uliosimama ni wa Paul. Mwenye afya ndiye aliyeanguka kwanza. Kumbe wote wawili walikuwa wa kufa tangu mwanzo, na hakuna aliyekuwa na haki ya kusubiri kilema cha mwenziwe ndipo amhurumie. Msimu wa tatu, ninakiri, unapwaya. Paul anageuka msemaji wa kuhamasisha watu, na hadithi inatangatanga kama abiria aliyepitilizwa kituo. Lakini hilo la moyo lilinitosha.

Kuna pia wanaosema kifo si cha kuchekea, na kwamba kuitia saratani vichekesho ni ukosefu wa adabu wa Kimarekani. Hawa nawaalika kwenye mazishi ya Mngoni, wakae wangoje Wahehe, watani wao, wafike. Mtani anaingia kaburini kabla ya maiti, anajilaza humo, anakataa kutoka mpaka alipwe. Anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, anamkumbusha mjane jinsi mumewe alivyokuwa mchoyo wa nyama. Mjane, ambaye tangu jana hajafungua kinywa, anacheka huku machozi yanashuka. Hakuna aliyewahi kumwambia mtani hana adabu, kwa sababu kila mtu anajua kazi yake: kuwavuta waliobaki wasiingie shimoni na aliyeondoka. Cathy hakuzaliwa mahali penye watani. Ilibidi ajitanie mwenyewe. Anapochoma kochi anafanya kazi ambayo kwetu angefanyiwa na shemeji.

Limebaki moja, na ni la watu wa dini waliotulia, si wa kelele: kwamba msimu wa mwisho Cathy aliacha matibabu, na kuacha matibabu ni kujiua polepole.

Cathy hakuacha matibabu. Aliacha dawa za kuifukuza saratani pale zilipokuwa zinamtesa bila kuifukuza, akachukua tiba shufaa, ambayo ni matibabu pia: kuondoa maumivu, kichefuchefu, hofu. Sisi wa Afrika Mashariki tunayo sababu ya kulijua hilo kuliko wengi. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala mwaka 1993, na mofini ya maji wanayoikoroga pale kwa bei nafuu imewafikia wagonjwa vijijini, kwa kuwa tangu mwaka 2004 sheria ya Uganda inawaruhusu hata wauguzi waliofunzwa kuiandika. Mgonjwa aliyekuwa anauma shuka kwa maumivu anaketi, anakula uji, anaita watoto. Anayeita hali hiyo kujiua hajawahi kulala chumba cha pili akisikia mtu anaumwa mifupa usiku kucha.

Tena tamthilia haikuipamba huduma hiyo. Cathy anaingia hospisi, anakaa, hafi haraka inavyotakiwa, na anaambiwa bima haitalipa tena. Marekani hospisi ni ya mtu ambaye daktari amethibitisha kwamba hatarajiwi kuvuka miezi 6. Ukijikongoja zaidi ya hapo unakuwa tatizo la hesabu. Mwanamke anarudishwa nyumbani kwa kosa la kuwa hai. Wifi yangu, aliyewahi kuuguza na kuzungushwa madirisha ya malipo, alicheka hapo kuliko kwenye kichekesho chochote, kicheko kibaya.

Huko nyumbani ndiko linakotokea jambo ambalo wagomvi wangu wote, pamoja na mimi, tulilipita mara ya kwanza kwa sababu ya kulia. Adam amekuwa akisoma masomo ya ziada kimyakimya ili amalize sekondari kabla ya wakati. Stoo ile ilijaa siku ambazo mama hangeziona. Mtoto akaichomoa moja, akaisogeza mbele, akamletea. Cathy alimwona Adam akipokea cheti. Kisha akafa, kitandani kwake.

Flashi sasa iko kwa shangazi, na anasema hajamaliza kuitazama.